Kupiga Picha za Watu Ndani ya Kiwanda Chenye Mwanga Hafifu: Mwongozo Kamili

Mtu akitoka juani na kuingia kiwandani, macho yake huchukua dakika chache kuzoea, kisha humshawishi kwamba mwanga uliomo unatosha kabisa. Kamera haina mazoea ya namna hiyo. Jua la mchana usio na mawingu hufikisha mwanga wa lux 100,000 hivi (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), ilhali karakana yenye taa za kawaida za dari huwa na lux 200 au 300 penye meza za kazi, na kwenye vichochoro vya kati ya mashine mwanga hushuka hata chini ya 100. Tofauti hiyo ni ya mara mia kadhaa, yaani stopu 8 au 9 kwa hesabu ya wapiga picha, ambapo kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua kwa nusu. Hapo ndipo zinapoanzia picha zenye mikono iliyotikisika, nyuso zilizojaa chembechembe na macho yaliyozama gizani.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeombwa kupiga picha za wafanyakazi wakiwa kazini, iwe kwa ajili ya jarida la kampuni, mafunzo ya usalama, tovuti au kumbukumbu. Hoja yangu ni moja tangu mwanzo: uchache wa mwanga unatusumbua kidogo kuliko upande unaotokea. Mpiga picha anayejua kumsogeza mtu hatua mbili kuelekea mlango wa kupakilia mizigo atapata picha nzuri kuliko aliyenunua lenzi ghali akawapiga watu wamesimama chini ya taa za dari.

Hatua ya 1: Ruhusa na usalama kabla ya kamera kutoka mkobani

Zungumza kwanza na msimamizi wa eneo pamoja na ofisa wa usalama, na uwaulize maswali yaliyo wazi: ni maeneo gani hayaruhusiwi kupigwa picha, ni mashine zipi zitakuwa zinafanya kazi, foklifti na kreni hupita wapi, na je, kuna sehemu yenye gesi, mvuke wa viyeyusho au vumbi linaloweza kuwaka. Swali hilo la mwisho halina mzaha. Kamera, flashi na simu ni vifaa vya umeme, na katika maeneo yaliyotengwa kwa sababu ya hatari ya mlipuko haviingii bila kibali maalumu kinachotolewa baada ya hewa kupimwa. Wengi hufikiria petroli na gesi tu, wakasahau kwamba vumbi la unga, la sukari au la mbao likitanda hewani linaweza kulipuka vilevile.

Vaa kila kinachovaliwa na wafanyakazi wa eneo hilo: kofia ngumu, miwani ya usalama, viatu vyenye ncha ya chuma, vizibo vya masikio na fulana ya kuakisi mwanga. Jizoeze nyumbani kupiga picha ukiwa umevaa kofia na miwani hiyo, kwa maana ukingo wa kofia hugonga sehemu ya juu ya kamera na miwani hukuzuia kulileta jicho karibu na kitazamio. Mkanda mrefu wa shingoni uache kabisa ukiwa karibu na mashine zinazozunguka, kwa sababu kinachoninginia hunaswa. Mkanda mfupi wa kifundo cha mkono unatosha. Ukipanda kwenye jukwaa la juu, funga kamera kwa kamba ya usalama na uache chini vifuniko vya lenzi na kila kitu kidogo kinachoweza kumdondokea mtu kichwani.

Kuhusu ridhaa, kibali cha uongozi hakimlazimishi mfanyakazi kukubali. Mweleze kila unayempiga picha itatumika wapi, na akikataa, mshukuru uendelee na mwingine bila kumbembeleza. Pale ambapo picha zitatangazwa hadharani, tayarisha fomu fupi ya ridhaa aisome na kutia saini kabla, si baada.

Hatua ya 2: Zunguka mara moja bila kupiga picha

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu inaonekana kama kupoteza wakati. Tenga nusu saa ya kutembea mikono mitupu, ukitazama mwanga unavyowaangukia watu. Usitazame taa, tazama nyuso. Muulize kila uso swali moja: je, macho yanaonekana?

Katika viwanda vingi jibu ni hapana, na sababu yake ni rahisi. Taa zimening'inizwa juu sana, zinaangaza moja kwa moja kuelekea chini, na wafanyakazi wamevaa kofia zenye ukingo. Ukingo huo hutupa kivuli kinachoshuka hadi kwenye pua, hivyo unapata kidevu kinachong'aa chini ya macho meusi. Kuongeza ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hakutibu jambo hilo, kwa kuwa kunakuza mwanga na kivuli kwa pamoja. Tiba yake ni kutafuta mwanga unaotoka upande au chini ya usawa wa ukingo wa kofia.

Mwanga wa namna hiyo upo kiwandani kwa wingi kuliko tunavyodhani. Mlango mkubwa wa kupakilia mizigo ukiwa wazi ni dirisha la ukubwa wa ukuta, na mtu aliyesimama mita mbili au tatu ndani yake, nje ya jua la moja kwa moja, hupata mwanga laini unaoingia hadi chini ya kofia. Taa ndogo ya meza ya ukaguzi huangaza mikono kwanza, kisha uso wa anayeinama juu yake. Skrini ya mashine ya kompyuta humulika uso kutoka mbele, ingawa kwa udhaifu na kwa rangi ya buluu. Sakafu ya zege iliyopakwa rangi nyepesi, lundo la maboksi ya kadibodi, karatasi kubwa ya bati au ukuta mweupe hurudisha mwanga juu na kufungua vivuli. Tanuri lililofunguliwa huwasha nyuso za walio karibu kwa rangi ya chungwa ambayo hakuna flashi inayoweza kuiiga vizuri.

Chora ramani ndogo daftarini: hapa pana mlango, hapa pana taa ya meza, huyu hugeukia kushoto kila anapochukua kipande kipya. Andika pia saa, kwa sababu mwanga wa milangoni na wa vioo vya paa hubadilika kadiri siku inavyokwenda, na zamu ya asubuhi inaweza kuwa na sura tofauti kabisa na ya jioni. Kazi za kiwandani hujirudia. Anayefunga nati au kupanga chupa atafanya tendo lilelile mara nyingi kwa saa, na katika kila mzunguko kuna nukta fupi ambapo mikono husimama na kichwa huinuka. Ukiijua nukta hiyo, utapata picha kali hata kwa kasi ndogo ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga ili kuingiza mwanga), jambo ambalo mpiga picha za michezo halipati.

Hatua ya 3: Panga kamera kwa kuanzia na kasi ya shata

Watu wengi huanza na ISO kwa sababu wanaogopa chembechembe. Mimi hushauri waanze na kasi ya shata, kwani picha yenye chembechembe bado inatazamika, lakini mkono uliotikisika pasipo kukusudiwa hauna tiba. Mtu aliyesimama na kukutazama anahitaji angalau 1/80 ya sekunde. Anayezungumza au kugeuza kichwa anahitaji 1/125. Mikono inayofanya kazi ya kawaida huhitaji 1/250, na nyundo inayoshuka huhitaji 1/500 au zaidi. Kitulizi kilicho ndani ya lenzi au kamera hupunguza mtikisiko wa mikono yako wewe, lakini hakimtulizi mtu unayempiga picha.

Kinachofuata ni tundu la lenzi, ambalo upana wake huandikwa kwa namba ya f: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Kila namba ya f inaposhuka kwa stopu moja, kwa mfano kutoka f/2.8 hadi f/2, na kutoka f/2 hadi f/1.4, mwanga unaoingia huongezeka maradufu. Lakini tundu pana lina gharama yake. Kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha) ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa hadi f/1.4 na mtu akiwa umbali wa mita 2, eneo lililo kali ni takriban sentimita 5 tu: jicho moja litakuwa kali, na mkono ulioshika spana hautakuwamo. Lenzi ya milimita 35 ikiwa f/2.8 kwa umbali uleule hukupa zaidi ya nusu mita, na kwa picha inayotakiwa kumwonyesha mtu pamoja na kazi yake, hiyo ndiyo inayofaa. Lenzi ya milimita 35 au 50 yenye f/1.8 si ghali ikilinganishwa na nyingine, na inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii.

ISO ndiyo inayobeba kilichobaki. Chukua mfano wa karakana yenye lux 300: ukiwa na f/2.8 na ISO 1600, kasi inayofaa ni karibu 1/250. Mwanga ukishuka hadi lux 150, utabaki na 1/125, au upandishe ISO hadi 3200 ili uendelee na 1/250. Ukiingia kona yenye lux 75, ISO 6400 inakuwa jambo la kawaida wala si dhambi. Kosa kubwa zaidi ni kuing'ang'ania ISO 800, picha ikatoka nyeusi, kisha ukaipandisha mwanga kwenye kompyuta. Chembechembe zitajitokeza hapo mbaya zaidi kuliko kama ungempa uso mwanga wa kutosha tangu mwanzo.

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi lenye data yote ya sensa, kwa sababu rangi za taa za kiwandani zitahitaji marekebisho ambayo faili la JPEG haliyabebi vizuri. Weka kamera kwenye hali ya kujipangia mwenyewe kila kitu, au chagua kasi na tundu kisha uiachie kamera ISO pekee. Ukiiachia kila kitu, kipimo chake kitadanganywa na vitu viwili vilivyojaa kiwandani: taa au dirisha linaloonekana nyuma ya mtu, na fulana ya kuakisi yenye rangi kali kifuani pake. Vyote viwili huifanya kamera idhani mwanga ni mwingi, ikaufanya uso kuwa mweusi. Pima usoni kwa kipimo cha nukta, kinachopima sehemu ndogo tu ya picha, au uinue mwanga kwa stopu moja kisha utazame histogramu, yaani grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga pichani. Kama uso una ngozi nyeusi, usiruhusu upande wa kivuli uishie kwenye weusi mtupu. Mgeuze mtu kidogo ili mwanga wa upande uteleze juu ya shavu na paji la uso, kwa sababu ngozi nyeusi hujengwa pichani na mng'ao wake.

Hatua ya 4: Kumeta kwa taa na rangi zake

Umeme wa majumbani na viwandani hubadilika mara 50 au 60 kwa sekunde, kutegemea nchi, na taa nyingi za zamani za mirija, za metali halaidi na za sodiamu hupanda na kushuka mwanga mara mbili ya idadi hiyo, yaani mara 100 au 120. Jicho halioni, lakini shata ya 1/500 hukata kipande kidogo tu cha mzunguko huo. Matokeo yake ni kwamba picha tano zilizopigwa mfululizo hutoka na mwanga na rangi tofauti, na pengine nusu ya picha huwa ya manjano na nusu ya buluu. Ukiona hali hiyo, shuka hadi 1/100 au 1/50 penye umeme wa mizunguko 50, na hadi 1/120 au 1/60 penye mizunguko 60. Kamera nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuzuia kumeta, ambao husubiri taa ifikie kilele ndipo ufungue shata. Uwashe, hata kama unachelewesha mfululizo kidogo. Shata ya kielektroniki isiyo na sauti ndiyo inayoathirika zaidi, hasa chini ya baadhi ya taa za LED, ambapo huleta mistari ya giza inayokatiza picha. Kiwandani penye kelele hakuna anayehitaji shata ya kimya; tumia ya kimakanika.

Rangi ni somo jingine. Taa za sodiamu zenye shinikizo la juu, zile zinazotoa mwanga wa manjano mzito, zina joto la rangi la takriban kelvini 2,000 (kadiri namba inavyoshuka, mwanga huwa wa manjano zaidi) na zinakosa sehemu kubwa ya rangi nyingine. Kamera nyingi hazishuki chini ya kelvini 2,500 katika kurekebisha weupe, yaani kuifanya nyeupe ionekane nyeupe chini ya mwanga uliopo, na hata ukirekebisha kwenye kompyuta huwezi kurudisha rangi ambayo haikuwamo kwenye mwanga wenyewe. Nguo ya buluu chini ya taa hizo ni ya kijivu, basi. Hapo una njia tatu: kumpeleka mtu penye mwanga mwingine, kuongeza mwanga wako mwenyewe, au kukubali picha ya nyeusi na nyeupe, ambayo kwa chuma, moshi na mikono iliyochoka mara nyingi hupendeza kuliko ya rangi.

Taa za LED na za mirija zina nafuu zaidi. Beba kadi ya kijivu, mwombe mtu aishike karibu na uso, piga picha moja, na uitumie kuweka weupe kwa picha zote za eneo hilo. Penye aina mbili za mwanga, kwa mfano mchana wa mlangoni upande mmoja na taa za dari upande wa pili, amua ni upi utakaoangukia uso na urekebishe weupe kwa huo. Mwingine uuache ubaki rangi ya mandhari. Kamwe usiombe taa zizimwe ili picha ipendeze mahali ambapo watu wanafanya kazi au wanapita.

Hatua ya 5: Kumweka mtu, au kumwacha alivyo

Kuna picha za aina mbili, na ni vizuri kuamua mapema unataka ipi. Ya kwanza ni ile ya mtu aliyesimama akakutazama. Hapo una uhuru: mpeleke penye mwanga ulioona kwenye ziara yako, mwombe aegemee meza au reli, kwa maana aliyeegemea hatikisiki, na umwambie ainue kidevu kidogo ili mwanga uingie chini ya kofia. Kama ni lazima awe chini ya taa ya dari, msogeze nyuma hadi taa iwe mbele yake badala ya kuwa juu ya utosi. Hatua moja hubadilisha uso wote. Mwanga ukipungua kabisa, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu mahali pasipo njia ya watu, shusha kasi hadi 1/15, mwombe asimame tuli kwa pumzi moja, na upige picha tano mfululizo. Mashine nyuma yake zitavutika kwa mwendo huku yeye akibaki mkali, na hiyo ni moja ya zawadi chache za mwanga hafifu.

Aina ya pili ni ya mtu anayefanya kazi kwelikweli. Hapa usimwambie afanye chochote. Simama mahali anapokuona, mjulishe kwa kichwa kwamba upo, kisha usubiri ile nukta ya utulivu uliyoiandika daftarini. Kumjia mwendesha mashine ghafla kutoka nyuma ni hatari kwake na kwako. Dakika tano za mwanzo hutoa picha za mtu anayejua anapigwa picha. Baadaye mkono hurudia mwendo wake wa kila siku na uso hulegea.

Usimwombe mtu avue miwani ili macho yaonekane, wala aondoe kinga ya mashine ili gia ionekane, wala asogee karibu na kinachozunguka. Mbali na hatari yenyewe, picha ya mfanyakazi asiye na kinga ikichapishwa, atakayehojiwa ni yeye, si wewe. Miwani ikiakisi taa, mwombe ainamishe kichwa kidogo sana au usogee wewe upande. Mwakisiko huondoka kwa kubadilisha pembe, na mara nyingi sentimita 20 zinatosha.

Wachomeleaji wa chuma wanastahili tahadhari ya pekee. Mwanga wa cheche ya umeme una miale ya urujuanimno inayounguza macho hata ya anayetazama kwa mbali kidogo, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Tumia skrini ya nyuma badala ya kuweka jicho kwenye kitazamio cha kioo, vaa miwani yenye giza la kiwango kinachotakiwa na karakana, na upige kwa vipindi vifupi. Pima mwanga kwa cheche, si kwa mtu, na ujaribu 1/30 ili cheche zichore mistari. Mashine za kukata kwa leza zina hatari nyingine: mwale au mwakisiko wake ukigonga sensa unaweza kuiharibu moja kwa moja.

Hatua ya 6: Flashi, kwa uangalifu mkubwa

Siku zangu za mwanzo nilipiga kundi la wafanyakazi kumi na wawili kwa flashi iliyokaa juu ya kamera. Picha zote zilitoka na michirizi myeupe inayowaka vifuani na nyuso nyeusi juu yake, na mwenye kazi aliniuliza kwa upole kama kamera ilikuwa mbovu. Sababu ni kwamba kitambaa cha kuakisi kimetengenezwa ili kurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Flashi ikiwa juu ya lenzi, mwanga wote wa michirizi hurudi kwenye lenzi, na kipimo cha kiotomatiki kikiuona hupunguza nguvu ya flashi. Iondoe flashi kwenye kamera, iweke kwenye stendi upande mmoja kwa pembe ya digrii 45 hivi, uiwashe kwa kidhibiti cha redio, na michirizi itatulia.

Kupiga flashi darini ili mwanga urudi laini hakufanyi kazi penye dari la mita 10 lililopakwa rangi ya kijivu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mara mbili ya umbali, unabaki na robo. Ni afadhali softiboksi (boksi la kitambaa linalolainisha mwanga wa flashi) ndogo iliyo mita moja na nusu kutoka usoni kuliko flashi kubwa iliyo mbali. Iweke kwa nguvu ndogo, shata kwenye 1/60 hadi 1/125 ili mwanga wa kiwanda nao uonekane, na uifunike kwa karatasi angavu ya rangi inayofanana na taa zilizopo. Pasipo hiyo, mtu atakuwa mweupe wa buluu katikati ya ukumbi wa manjano, kama aliyebandikwa.

Uliza kabla ya kuwasha. Mwendesha kreni au foklifti akipigwa na mwanga machoni hupoteza uoni kwa nukta ambayo inaweza kutosha kuleta ajali. Vifaa navyo vinaweza kushtuka. Mwaka 1997, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Haddam Neck, jimbo la Connecticut, Marekani, flashi ya kamera iliyopigwa karibu na paneli ya mfumo wa zimamoto iliuchanganya mfumo huo, na gesi ya haloni, inayotumika kuzima moto, ikaachiliwa katika chumba cha udhibiti. Mwaka 2015 kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 2 iligunduliwa kuwa hujizima ikipigwa picha kwa flashi ya zenoni, kwa sababu moja ya chipu zake ilikuwa wazi kwa mwanga. Paneli za umeme zilizofunguliwa zipige bila flashi.

Taa ndogo ya LED inayowaka mfululizo ni njia ya kati iliyo salama zaidi: haishtui mtu, unaona matokeo kabla ya kupiga, na inaweza kuwekwa chini ya usawa wa kifua ili ifungue kivuli cha kofia.

Hatua ya 7: Fokasi, vumbi na simu

Mfumo wa kutambua macho hukwama mbele ya miwani, barakoa na kofia. Ukikwama, chagua nukta moja ya fokasi na uilenge kwenye ukingo wa fremu ya miwani, penye mstari wenye utofauti wa rangi, kisha upige mara tatu au nne kwa sababu mtu huyumba bila kujua. Zima taa ndogo ya kamera inayosaidia fokasi. Huwaudhi watu na huwafanya wakunje nyuso.

Badilisha lenzi nje ya ukumbi, kwani vumbi la chuma likiingia ndani halitoki kwa kupuliza. Ukitoka chumba baridi kwenda penye joto na unyevu, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa hadi ilingane na hali ya hewa, la sivyo lenzi itafunikwa na umande.

Mwenye simu peke yake atumie lenzi kuu, si ile ya kuvuta karibu, kwa kuwa lenzi kuu ndiyo yenye tundu pana na sensa kubwa. Hali ya usiku huunganisha picha kadhaa, hivyo inafaa kwa aliyesimama tuli na haifai kabisa kwa mikono inayofanya kazi. Asogee kwa miguu, aiegemeze simu kwenye kitu, na amgeuze mtu kuelekea mwanga. Kanuni ya kofia haibadiliki.

Hatua ya 8: Kwenye kompyuta

Anza na weupe kwa kutumia picha ya kadi ya kijivu, kisha uunakili kwa picha zote za eneo hilo kabla ya kugusa kingine. Ondoa kwanza chembechembe za rangi, zile za madoa mekundu na ya kijani, kwa sababu ndizo zinazochukiza. Zile za mwanga ziache kidogo, la sivyo ngozi itaonekana kama plastiki. Ongeza ukali mwishoni, na uufunike usifike kwenye sehemu za giza. Fungua kivuli cha macho kwa burashi ya mahali pamoja, kwa robo au nusu stopu tu. Zaidi ya hapo macho huonekana kama yamewashwa kutoka ndani.

Kabla ya kukabidhi, ikuze kila picha kwa asilimia 100 na uipekue mandhari nyuma ya mtu: skrini yenye takwimu za uzalishaji, mchoro wa mteja ubaoni, nywila iliyobandikwa ukutani, kitambulisho kifuani, mfanyakazi wa nyuma ambaye hakutoa ridhaa, kinga ya mashine iliyoachwa wazi. Mpe ofisa wa usalama seti nzima aikague, kwa kuwa yeye huona mambo ambayo jicho la picha halijafunzwa kuyaona. Na zile anazozikataa zifute, hata kama miongoni mwake imo iliyo nzuri kuliko zote.